Muhuri Uliokataa Kutoka

Mtu akiniuliza kazi yangu ni nini, namwambia mimi ni mtu wa kungoja printa. Nina duka la saiba pale Mamboleo, karibu na njia panda: kompyuta chache, printa kubwa moja, nyingine ndogo ya rangi, na hasira ambayo mume wangu anasema nilipewa pamoja na leseni ya biashara. Sikatai. Ukishinda siku nzima ukisikia "Madam, ni kuprinti tu," hata wewe utakuwa mkali. Hakuna kitu kinachoitwa kuprinti tu. Mtu anatumiwa kiambatisho na ofisi fulani, tunakifungua kwenye kivinjari, kwenye skrini kila kitu kiko sawa kabisa, halafu karatasi inatoka imekatwa kichwa, au herufi zimegeuka visanduku, au inatoka nyeupe pe. Na mwenyewe ananitazama mimi, kana kwamba maneno yake nimeyala.

Tena barua pepe yangu ni ya mtaa mzima. Wateja wangu wengi hawana yao, au walikuwa nayo wakasahau neno la siri, basi popote wanapoulizwa wanaandika yangu. Majibu ya kazi yanaingia kwangu. Barua za shule zinaingia kwangu. Nimejua kabla ya mwenyewe kwamba mtu fulani amefutwa kazi, nikakaa naye dukani nikimwambia mtandao uko chini, ili nipate nguvu ya kumwonyesha. Sikuomba kujua mambo ya watu, lakini nayajua.

Kwenye kibaraza cha duka langu kuna mama mmoja fundi wa nguo. Anaishi Nyalenda, anafika kila asubuhi, anatoa cherehani yake ambayo huilaza kwangu usiku, anaanza kukanyaga. Hatukuanza kwa urafiki. Tulianza kwa ugomvi, kwa sababu vitambaa vyake vilikuwa vinafunika bango langu. Lakini ukigombana na mtu kila siku miaka na miaka, siku moja unagundua kwamba asipokuja huna raha.

Alikuwa na kijana mmoja tu. Huyo kijana alikuwa fundi wa umeme, na ndiye aliyenifungia soketi zote za duka. Mrefu, mpole, anayeinamisha kichwa upande mmoja akikusikiliza. Alikuwa ananiita Auntie, na nikimfokea kwa kuchelewa alikuwa anacheka mpaka na mimi nacheka. Mama alimlea peke yake. Baba yake alikuwa mtu wa upande wa Katito, walipendana wakiwa vijana, mimba ikaingia, na hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuvuka kizingiti cha wazazi wa mama kusema chochote. Mama hakuolewa tena. Alikuwa akisema alikwisha kuolewa na cherehani.

Kijana alikufa juu ya paa la nyumba ya mtu huko Nyalenda. Alikuwa anarekebisha waya, mvua ilikuwa imenyesha, umeme ukampiga. Nilipopata habari nilirusha kiti. Niliwaza: mafundi wangapi wezi, walevi, waongo, wako hai huko nje? Nilimkasirikia Mungu waziwazi, na sijui kama tumepatana.

Sasa, kwetu kifo hakimalizwi na kilio. Swali linalofuata ni hili: atalala wapi? Mwanamume anazikwa kwa baba yake. Mwanamke anazikwa kwa mume wake. Na mwanamke asiye na mume, mwenye mtoto wa kiume ambaye baba yake hakuwahi kumlea, hao wawili wanakuwa watu wa kujadiliwa. Marehemu baba yake mama, kabla hajafa, alikuwa amelijua hilo. Alimpa binti yake kona ya ardhi huko kwao ufuoni, upande wa Kendu Bay, mbele ya kaka zake wote, akasema hapo ni pake na pa mtoto wake.

"Madam," mama aliniambia, tumekaa kibarazani, cherehani imefunikwa, "mimi sitaki kitu kingine. Nataka alale pale, na mimi nikifa nilazwe kando yake. Nimekaa na yeye chumba kimoja maisha yake yote. Sasa niende nikalale peke yangu?"

Nilimwambia itakuwa hivyo. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Lakini wazee wa Katito wakatokea. Wakati wa ada za shule hawakuonekana, wakati wa kulazwa hospitali hawakuonekana, lakini maiti ilipoingia mochari walifika wamevaa makoti. Wakasema mtoto ni wa ukoo, jina la baba yake liko kwenye kitambulisho, na mtoto wa kiume hazikwi kwa wajomba kama mtu aliyeokotwa. Kibali cha mazishi wakakichukua wao. Mazishi wakayapanga Jumamosi, mwili utoke mochari Ijumaa, ulale nyumbani usiku mmoja, kama desturi ilivyo. Mama wakamwambia anakaribishwa. Anakaribishwa! Kwenye mazishi ya mtoto wake!

Binti mmoja wa kanisani kwao akampeleka kwa wakili kijana. Wakili akaenda mahakamani, akaomba mazishi yasimamishwe mpaka kesi isikilizwe. Ijumaa asubuhi akapiga simu: amri imetoka. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya gari anakwenda Siaya kwa kesi nyingine, lakini mahakama siku hizi inatuma kila kitu kwa mtandao, na muhuri wao wameshaupiga huko huko. "Naituma kwa Madam," akasema. "Iprintiwe, mama aipeleke mochari haraka. Mwili ukishaingia kwa udongo, kuutoa ni vita ingine."

Ikaingia. Nikaifungua kwenye kivinjari. Pale kwenye skrini ilikuwa nzuri sana: jina la mahakama juu, majina ya pande mbili, amri yenyewe, na chini kabisa muhuri wa duara wa zambarau na saini ya msajili. Mama alisimama nyuma yangu akipumua kwenye shingo yangu. Nikabonyeza alama ya printa iliyoko juu ya kiambatisho.

Kale kaduara kakaanza kuzunguka. "Inaandaa." Kanazunguka, kanazunguka, inaandaa nini, harusi? Nikafunga, nikafungua tena, nikabonyeza nakala mbili, kwa sababu siku zote natoa mbili, moja ya mtu na moja ya kuweka. Printa kubwa ikakohoa, karatasi ya kwanza ikatoka. Mama akainyakua ikiwa bado moto, akakimbia barabarani, akapanda bodaboda, akaenda. Yeye kusoma maandishi madogo bila miwani hawezi. Aliona ni karatasi, na maneno yamejaa, ikamtosha.

Nakala ya pili ikatoka, nikaishika mimi. Maneno yote yalikuwepo. Mahali pa muhuri palikuwa peupe, na mahali pa saini pia. Nikatazama skrini: muhuri uko. Nikatazama karatasi: hakuna.

"Yawa!" nikapiga kelele. Nikampigia mama simu. Simu ikalia kibarazani, juu ya cherehani, chini ya kitambaa.

Sasa nieleze, kwa sababu watu wanadhani hii kazi ni ya kubonyeza tu. Nilijaribu tena vilevile, muhuri hakuna. Nikafungua barua pepe kwenye kivinjari kingine, hakuna. Nikafuta takataka zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, nikaingia upya, neno la siri likanikataa mara ya kwanza kwa sababu ya haraka, nikaprinti, hakuna. Nikapakua kiambatisho kwenye kompyuta ili nikifungue nje ya barua pepe, na kompyuta, kwa mazoea yake mabaya, ikakifungulia ndani ya kivinjari kile kile. Hakuna. Karatasi zilikuwa zinarundikana kwenye sakafu, amri ya mahakama baada ya amri ya mahakama, na hata moja haina thamani ya kufungia njugu.

Nikampigia wakili.

"Kwangu inaonekana vizuri, Madam. Muhuri uko."

"Wakili, unaonekana kwa skrini. Hata kwangu unaonekana kwa skrini. Printi uone."

"Niko kwa gari, nitaprinti na nini?"

"Basi usiniambie unaonekana!"

Nikamkatia. Baadaye nilimwomba msamaha, ni kijana mzuri. Lakini wakati ule ningemkatia hata askofu.

Mwishowe nikakumbuka kuna programu ya kusomea PDF ambayo mtu aliiweka kwenye kompyuta ya pembeni, na hakuna anayeitumia. Ikafunguka, ikaanza kuniomba niiboreshe kwanza. Nikaikatalia. Nikaprinti, na bado muhuri hakuna! Hapo nilikaa chini nikataka kulia. Nikasoma kile kidirisha cha kuprinti neno kwa neno, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani, na chini pembeni nikaona mahali panapouliza uprinti nini: waraka peke yake, au waraka pamoja na mihuri. Ilikuwa imewekwa waraka peke yake. Kumbe muhuri wa mahakama haukuwa ndani ya ukurasa. Ulikuwa umebandikwa juu yake, kama stika kwenye kioo cha gari, na kivinjari kinachapisha kilicho chini, kinaacha kilichobandikwa. Nikachagua pamoja na mihuri. Nikabonyeza. Muhuri ukatoka.

Wakati huo huo bodaboda ikasimama mlangoni, na mama akashuka. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeanguka mabegani.

"Amekataa," akasema. "Mtu wa mochari amekataa. Amesema karatasi bila muhuri hata mtoto anaweza kuandika. Na wao wako hapo, wanamvalisha. Madam, nimeona wanamvalisha suti."

Nikampa karatasi mpya. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Uso ukamshuka.

"Muhuri mweusi."

"Muhuri si uko, mama?"

"Ni mweusi! Watasema ni fotokopi!"

Na alikuwa na haki. Huku kwetu kila mtu anajua muhuri mweusi ni kivuli cha muhuri. Uende kwa chifu, uende kwa benki, uende kwa mwalimu mkuu, mtu anageuza karatasi kwenye mwanga akitafuta rangi. Nikatukana kwa Kijaluo, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikaitupa kazi kwenye printa ndogo ya rangi. Wino wake mwekundu ulikuwa umekauka, nilijua, nilikuwa nimeahirisha kuununua. Nikaisafisha kichwa, ikajisafisha kwa kelele zake zote. Zambarau ikakosa wekundu, na muhuri ukatoka buluu. Sikuwahi kufurahia kosa la printa kama siku hiyo, kwa sababu hakuna rangi ambayo ofisi za nchi hii zinaiamini kama buluu. Mama aliubusu.

Tulifunga duka. Tulipofika mochari, gari lilikuwa limeondoka. Mtu wa mochari aliipokea amri, akaigeuza kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Hii ndiyo karatasi, mama. Hii ningewasimamisha nayo. Lakini saa hizi wako Ahero huko."

Tukakodi gari, probox moja ya abiria. Njia nzima mama alishika kwenye magoti, kwa mikono miwili, bahasha niliyoitilia ile amri. Katito tukapitia ofisi ya chifu, tukamkuta naibu wake anakula. Akaacha kula, akasoma, akapitisha kidole gumba juu ya muhuri. "Hii ni ya kweli," akasema, akachukua kofia na askari mmoja, wakaingia nasi kwenye gari.

Nilikuwa nimejiandaa. Njiani nilikuwa nimepanga maneno yote ambayo ningewaambia hao watu, na yalikuwa makali, na yalikuwa mazuri. Tukaingia bomani. Mahema yalikuwa yameshasimamishwa, viti vya plastiki vimepangwa, sanduku liko mbele ya nyumba kwenye kivuli, na wanawake wanalia kwa sauti ile inayokupanda kwenye mgongo. Pembeni, karibu na ua, vijana walikuwa kwenye shimo, lilikuwa limewafika kifuani. Na kando ya sanduku alikuwa amekaa mwanamume mwenye mvi, ameinamisha kichwa upande mmoja. Hakuna aliyehitaji kuniambia ni nani. Alikuwa analia mpaka mabega yanaruka.

Hasira yangu yote nikakosa pa kuiweka.

Naibu wa chifu akasoma amri kwa sauti, kwa Kiswahili, kisha akaieleza kwa Kijaluo. Kelele zikazuka. Kijana mmoja akataka kumkaba askari. Yule baba akainuka, akawanyamazisha kwa mkono, akamwendea mama. Nadhani hawakuwa wameonana tangu kijana azaliwe.

"Mama," akasema polepole, "mtoto ni wangu pia."

"Leo ndiyo umejua?"

Akafuta macho kwa kiganja. Kisha akasema, "Nilijua siku zote. Niliona aibu." Mama akamgeuzia mgongo. Na mimi, niliyekuja na maneno, nilikuwa natazama viatu vyangu.

Amri ni amri. Wakaanza kulibeba sanduku kulirudisha garini. Hapo ndipo shangazi yao, ajuza mmoja aliyekaa chini miguu imenyooka, akauliza swali moja tu: "Na shimo?"

Kila mtu akaligeukia lile shimo, hata naibu wa chifu. Kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi wazi. Likiachwa linaita mtu mwingine wa pale pale. Hili si jambo la kusomewa na mahakama, hata waliosoma chuo kikuu hawalali likiwa wazi. Wazee wakanong'ona. Vijana wakaenda nyuma ya nyumba na panga, wakarudi na shina la mgomba, limekatwa urefu wa mtu. Wakalifunga shuka.

Mchungaji alikataa kusali, akasimama mbali na Biblia yake kwapani. Ajuza ndiye aliyesali. Gari letu lilikuwa limeshawashwa, sanduku liko kwenye gari la mbele, lakini tulisikia vizuri: walikuwa wanalishusha lile shina huku wanaliita kwa jina la kijana, jina lake kamili na jina la baba yake, na wanawake wakaanza kulia upya. Si kilio cha kuigiza. Mama aligeuka kwenye kiti akatazama kwa kioo cha nyuma.

"Wanamzika nani?" akaniuliza.

Nikasema, "Mgomba tu, mama. Usiangalie." Nilidhani nimejibu.

Kesi ikaenda kama kesi zinavyokwenda. Kila tarehe mpya ilikuja kwenye barua pepe yangu, na kila mara nikaiprinti kwa ile programu, pamoja na mihuri, kwa rangi. Kijana alikuwa kwenye friji ya mochari muda huo wote. Mama alishona sare za shule, alishona magauni ya maharusi, na nilipotoka mlangoni na karatasi alikuwa anaacha kukanyaga, ananitazama. Nilijifunza kutikisa kichwa nikiwa mbali ili asingoje. Alikonda. Siku nyingine aliniuliza kama baridi ya huko inauma. Nilimwambia hapana, akasema, "Unajuaje?" Nikajifanya nimeitwa na mteja.

Halafu hukumu ikatoka, na ilikuwa yake. Jaji aliandika kwamba aliyemlea ndiye aliyemjua, na kwamba mama apewe mwili amzike anapotaka. Niliisoma kwenye skrini mara mbili kabla ya kumwita. Sikuona aibu, nilitoka nje nikipiga vigelegele mpaka watu wa stendi wakadhani nimeshinda kamari. Mama alikaa chini sakafuni, katikati ya kompyuta, akafunika uso na aproni. "Ero kamano, Nyasaye," alisema, asante Mungu, akarudia, akarudia.

Tulikwenda pamoja ufuoni kwao kuwapa kaka zake habari na kupanga siku. Kaka mkubwa alitupokea vizuri. Mkewe akatuletea samaki na ugali, tukanawa mikono, tukala. Niliona yule kaka anakwepa kututazama usoni, nikadhani ni huzuni. Tulipomaliza kula akasafisha koo.

"Dada yangu, huyu mtu ameshazikwa."

"Amezikwa wapi?" mama akauliza. "Yuko mochari. Nimetoka kumwona."

"Kaburi lilichimbwa kwa jina lake, likafukiwa. Watu walimlilia, kule kwa baba yake walinyoa nywele. Habari ilifika hapa siku ile ile. Sasa tukimchimbia la pili hapa, tunamwita nani aingie? Nina watoto, dada. Wadogo zetu wana watoto."

Mimi nikalipuka. Nilisema ni mgomba, walizika mgomba, mmea wa ndizi! Nilisema kuna hukumu ya mahakama, nikaitoa kwenye mkoba, nikaiweka mezani kati ya sahani, na muhuri wake. Hakuigusa wala hakuitazama. Hakuwa mkali hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Madam, sisi hatubishani na mahakama," akasema. "Mahakama imesema mwili ni wa dada yangu. Haijasema mimi nichimbe."

Mama akanishika paja chini ya meza ninyamaze.

"Kona aliyonipa baba?" akauliza.

"Iko. Hakuna aliyeigusa. Siku yako ikifika tutakulaza pale vizuri kabisa, kama baba alivyosema. Wewe. Lakini yeye hapana."

Tulijaribu Katito pia. Mama mwenyewe aliniomba nimpigie yule baba, akasema basi, alale huko, ili mradi alale. Baba aliongea nasi muda mrefu, akilia tena. Wazee wake walikuwa wameshakataa. Kaburi lao lina mtu, walisema, na mtu hazikwi mara mbili katika boma moja. Alisema angekuwa na uwezo angemleta usiku kwa mgongo wake. Nilimwamini, na haikusaidia kitu.

Basi tukamzika kwenye makaburi ya umma, si mbali na duka langu. Kaka za mama hawakuja. Tulikuwa mimi na mume wangu, mchungaji wa kanisa la mama, mafundi wenzake wa nguo, na vijana wachache wa umeme waliokuja na ovaroli zao kutoka kazini. Hakukuwa na mahema. Mchungaji alifupisha, jua lilikuwa kali. Makaburi ya pale yamepangwa kwa safu, moja baada ya jingine, na lililofuata la kijana lilikuwa limeshachimbwa, liko wazi, na udongo wake umemwagwa kando.

Watu walipoanza kuondoka mama akabaki. Akamwendea mchimbaji aliyekuwa anapiga udongo kwa mgongo wa koleo.

"Baba, hapa kando yake, mtu anaweza kuwekewa nafasi?"

"Hapana, mama. Hapa tunafuata laini. Anayekuja ndiye anayeingia."

"Mimi ni mama yake."

"Pole, mama." Akafuta jasho, akafikiri, na nadhani alitaka kumsaidia kwa kumweleza vizuri. "Hata mama yake. Mpaka iwe ni yeye ndiye anakuja kesho asubuhi."

Mama akaligeukia lile shimo lililokuwa wazi. Hakulia. Alilitazama kwa muda mrefu, mwanzo hadi mwisho, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukata, na nikaona kwamba anaifikiria hiyo kesho asubuhi. Nikamshika mkono kwa nguvu, nikamvuta, na sikuuachia mpaka tulipofika barabarani.